Shamba la Alonaki Bado ni Lako

Menetes, Karpathos
Jumapili, 29 Septemba 2024

Dada yangu mpenzi Evdokia,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako, nikitumaini barua hii itakukuta umeketi, umeshiba, na lile goti limeacha kukusumbua ngazini. Shemeji Lefteris hajambo? Mwambie dawa ya kifua aliyoituma imefika salama, na Mjomba Nikitas anainywa kama soda huku akiapa kwamba haimsaidii kitu. Marina na Zoe wanaendeleaje na masomo? Sisi huku tu wazima. Paa la mama halijavuja, mizeituni imezaa kiasi chake, na yule paka mwenye jicho moja amejifungua tena ndani ya kapu la nguo safi, nami sina ubavu wa kumfukuza.

Najua umeshtuka kuona bahasha. Sisi ni watu wa simu kila Jumapili, na leo ni Jumapili, na simu yangu nimeizima makusudi. Usiwe na wasiwasi, hakuna aliyekufa. Ninaandika kwa mkono kwa sababu nimeambiwa niandike, na aliyeniambia nitamtaja nikifika kwake. Ninakuomba jambo moja tu: soma mpaka mwisho kabla hujafanya lolote. Wewe una tabia ya kusoma mistari miwili ukadai umeshaelewa yote. Safari hii usinifanyie hivyo.

Hati yako ya zawadi ilifika wiki tatu zilizopita, na mihuri yake yote ya Baltimore. Shamba la Alonaki, pamoja na uwanja wa kupuria, kijumba, na njia ya kushukia baharini, kutoka kwako kuja kwangu. Niliisoma jikoni nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Nililia, sikufichi. Kanakara, binti wa kwanza, kumpa mdogo wake shamba la mama, tena bila kusukumwa na mtu, ni jambo ambalo hapa kijijini hakuna anayekumbuka kulisikia. Binti wa kwanza hurithi vya mama, wa pili hurithi ufagio. Ndivyo tulivyolelewa, na mama, Mungu amrehemu, hakuona ubaya wowote. Nilipomwonyesha Mjomba Nikitas aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole akasema Marekani imekuharibu akili, ila safari hii imekuharibu kwa faida.

Basi Alhamisi nilivaa vizuri nikashuka mjini Pigadia kwa yule mama mwanasheria, ili nitie saini ya kuipokea. Alikuwa ameshaandaa kila kitu, kalamu imefunguliwa, na kahawa nimeletewa. Nikamwambia nimesahau kitambulisho. Akanitazama, akautazama mkoba wangu uliokuwa wazi mapajani, na kitambulisho kikiwa pale juu kabisa, kinatuangalia wote wawili. Akaniambia nirudi Alhamisi ijayo. Sitarudi, na sababu yake ndiyo barua hii.

Lakini kwanza habari za msimu, maana najua siku hizi unazitaka. Miaka mingi ulikuwa ukisikia neno ghuba unakata simu. Hata ulipokuja kumzika mama hukushuka pwani. Tangu mwaka juzi ndipo ulipoanza kuniuliza, kidogokidogo, upepo ulikuwaje leo, wageni walikuwa wangapi. Mimi nilikuwa nakujibu kwa furaha na huku naogopa swali linalofuata.

Meltemi, ule upepo wetu wa kiangazi, alianza tarehe tisa Juni, na Julai nzima alipumzika siku tatu tu. Asubuhi anavuka mlima taratibu, saa nne anagusa shamba letu, saa saba nguvu yake imeshafika sita kwa kipimo cha mabaharia, saa tisa ni saba au nane, na hapo hata Mjomba anaivua kofia yake na kuikalia. Ndiyo maana mabibi zetu walijenga uwanja wa kupuria pale Alonaki na si kwingine. Shayiri ilikuwa ikirushwa juu kwa uma, makapi yanakwenda zake baharini bila kusumbua mtu. Siku hizi hapana shayiri, tunarusha watu, wanateleza majini juu ya ubao huku wakivutwa na tiara.

Hapo chini ya shamba, kwenye Ghuba ya Kuku, maji yanafika kiunoni na hayana wimbi hata moja, kwa hiyo wanaojifunza nawaweka pale. Walioiva wanakwenda mpaka mbele ya rasi, ambako upepo hauna kizuizi. Na palepale ndipo wageni wanapodanganyika. Wanaona maji yametulia, wanadhani bahari ni mpole. Hawajui maji yametulia kwa sababu upepo unatoka nchi kavu, unapita migongoni mwetu na kuelekea nje, na huko nje hakuna nchi mpaka Misri. Ukienda Rodos, tiara ikikuangusha, upepo wenyewe unakuleta ufukweni hata ukisinzia. Kwetu unakupeleka. Kwa hiyo sheria yangu ni moja: boti ya Mjomba haipo majini, tiara haipandi hewani. Mwezi Julai alikuja Mholanzi mmoja, mrefu kama nguzo, akanieleza kwamba ameteleza Naxos, Sardinia, Sisilia na wapi sijui, na hajawahi kusubiri mzee amalize chai yake ndipo aingie majini. Nikamwambia basi arudi hukohuko Sisilia, na salamu zangu awafikishie. Alinuna, akasubiri. Saa kumi mzee huyohuyo ndiye aliyekwenda kumtoa, maili mbili kutoka hapa, ameng'ang'ania ubao. Mjomba bado anawaita wote nguo. Jioni ananiripotia: leo nimeanua nguo tatu, moja ya Kiholanzi.

Yule mjenzi wa hoteli kutoka Rodos naye bado yupo. Nilikusimulia kwa simu alivyokuja Aprili akachomeka vigingi shambani, na utepe mwekundu juu yake, kama vile ameshanunua. Sikukusimulia yote. Siku ile alikuja na lori la kokoto. Nikamwomba aliegeshe pale penye vigingi, nikapandisha tiara nyuma yake, hatua ishirini. Ilipanda vizuri, ikatetemeka, ikaanguka puu. Nikapandisha tena, ikaanguka tena. Nikamweleza kwamba hilo ni lori tu, na yeye anataka kujenga ghorofa tatu. Upepo utakatika nyuma ya jengo, watu watanyanyuliwa na kuangushwa mbele ya rasi, na kutoka pale hakuna anayerudi kwa miguu. Akasema wahamie ghuba nyingine. Nikamwambia yeye ndiye ahame. Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu.

Ndipo nikakupigia simu nikakusihi usimuuzie. Wewe uliniuliza swali moja tu, kama watu wataumia. Nikasema wataumia. Ukaniambia utafikiri. Baada ya miezi mitano ikaja hati.

Na hati ikaja na kikaratasi kidogo umekibana kwa pini, kwa mwandiko wako ule wa shule. Umeandika: "Kwa Rigopula, ambaye macho yake hayajawahi kuiacha bahari ile." Kalamu ya mwanasheria ilikuwa mkononi mwangu niliposoma tena sentensi hiyo. Mkono ukakataa. Dada, hayo si kweli, na kama uliyaamini ni kwa sababu mimi ndiye niliyekudanganya.

Sasa nalazimika kumtaja Minas. Najua hujalitamka jina hilo tangu ulipopanda ndege, na mimi sijalitamka mbele yako. Nivumilie.

Sikukuu ya Mama Maria, mwaka elfu mbili na tatu. Wewe ulikuwa na miaka ishirini na minne, na harusi yenu ilishapangwa Oktoba. Mimi nilikuwa na kumi na saba. Ghuba ilikuwa mikononi mwa yule Mfaransa aliyekodi shamba kwa mama, Mjomba akiendesha boti, Minas akifundisha, na mimi nikilipwa kukaa juu ya dungu na darubini na honi, niangalie walio majini. Wewe ndiye uliyeniombea kazi ile. Minas alikuwa mtu wa kwanza wa kijiji chetu kupandisha tiara, na tiara za siku zile zilikuwa balaa. Ikishaanguka mbali huwezi kuipandisha tena. Unakaa na ubao wako, unanyoosha mkono juu, unasubiri boti. Mwenyewe ndiye aliyetufundisha hivyo.

Mchana ule upepo ulikuwa nane. Watu wote wapo kanisani huku juu, wageni wachache, na ilipofika saa tisa wote walikuwa wametoka majini isipokuwa yeye. Alinionyesha kwa mkono kwamba anakwenda mara moja mpaka mbele ya rasi na kurudi. Nilimwona akienda. Kisha nikakumbuka kwamba kijumbani hakuna mtu, na kwamba umetandaza kitandani nguo zako za kuchezea ngoma jioni, na mkufu wa bibi wa sarafu za dhahabu uko juu yake.

Ule mkufu sikuwahi kuuvaa hata kwa mzaha. Unakumbuka mama alivyonipiga mkono siku ya Pasaka, kwa kuugusa tu. Ni wa kanakara peke yake. Nikajiambia dakika tano, nimwone huyo Rigopula mwenye dhahabu anafananaje, kisha narudi. Nikashuka kwenye dungu. Nikauvaa mbele ya kioo, nikajifunga utepe nyuma ya shingo, nikajitia na kitambaa chako kichwani. Nikacheza peke yangu pale chumbani, nikipita mbele ya wanawake wote wa Menetes, nao wananitazama. Dada, nilijisikia vizuri mno. Sikuzionea haya zile dakika, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilipotazama saa ilikuwa kumi kasorobo.

Nikataka kuuvua. Fundo la utepe lilikuwa limekaza, halifunguki. Nikauficha ndani ya blauzi, nikafunga vifungo mpaka kidevuni, nikakimbia nao.

Juu ya dungu nikachukua darubini. Karibu hapakuwa na kitu. Mbali, mbali sana, nje ya rasi, niliona kitu cha njano juu ya maji. Kikaonekana, kikapotea, kikaonekana tena. Tiara ya Minas ilikuwa ya njano. Nikajiambia ni boya, na huku najua hakuna boya pale. Wakati huohuo Mjomba alikuwa amefika chini yangu, anauliza Minas yuko wapi, na kwamba kama sina hakika apande atazame mwenyewe. Akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza cha ngazi. Zile sarafu zilikuwa zinanigusa kifuani, baridi. Nikamwona anapanda, anauona utepe, anamwita mama, na kijiji kizima kinajua kwamba mtoto wa pili ameiba dhahabu ya dada yake siku ya sikukuu.

Nikasema, "Ametoka zamani, Mjomba. Amekwenda kuoga."

Mjomba akaifunga boti akaenda kwenye sikukuu. Mimi nikarudi kijumbani, nikaukata utepe kwa kisu, nikaushona, nikaurudisha mkufu mahali pake. Uliuvaa jioni ile na hukugundua kitu. Uliponiuliza kama nimemwona Minas, nikasema atakuja. Jua lilikuwa bado halijazama, Dada. Muda wa kumtafuta bado ulikuwepo, na mimi nilikuwa nakufunga kitambaa.

Polisi wa bandari waliponihoji kesho yake nilikuwa nimeshajipanga. Nikawaambia alitoka, akala tikiti, kisha jioni akaingia tena peke yake. Nikasema nilimpandishia bendera nyekundu, naye akanipungia mkono akicheka, akaenda. Kicheko kile nilikitunga papo hapo, nikiwa nimekaa mbele yao, ili wanisadiki. Siku ya tatu meli ya mizigo ikauokota ubao. Yeye hakuonekana mpaka leo.

Na wewe ukakishika kile kicheko. Nilikusikia ukimwambia mama kwamba mtu aliyeona bendera nyekundu akacheka hakuwa anakupenda, alikuwa anaupenda upepo. Ukavua pete. Hukuvaa nyeusi hata siku moja, watu wakakusema, nawe ukawajibu kwamba humvalii nyeusi mwanamume aliyekwenda kwa hiari yake. Novemba ukapanda ndege. Mimi ndiye niliyekubebea sanduku mpaka uwanjani, na barabara nzima nilikuwa na nafasi ya kusema, na sikusema.

Wanakijiji wanafikiri nilibaki ghubani kwa ujasiri. Hata wewe umefikiri hivyo. Nilibaki kwa sababu sikuweza kuondoka pale. Mfaransa alipokwenda zake nikachukua mahali pake, nikajifunza tiara, nikanunua boti mpya, nikalijenga dungu upya, na kwa miaka ishirini na mmoja sijashuka kutoka juu yake mtu akiwa majini. Sikwambii haya ili unihurumie. Nakwambia ili ujue hati yako umempa nani.

Kutoka kwa mwanasheria Alhamisi sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa mama yake Minas, Mama Sevasti. Anatimiza themanini na mbili mwaka huu, na bado anakaa peke yake pale nyuma ya kanisa. Nilimkuta barazani anamenya maharage. Nikasimama, nikamwambia yote, kuanzia mkufu mpaka kicheko. Hakuacha kumenya mpaka nilipomaliza. Kisha akaniambia, "Miaka ishirini na mmoja namuuliza Mungu kwa nini alinipa mtoto mkaidi. Kumbe mwanangu alikuwa anasubiri boti, kama alivyotakiwa."

Nikapiga magoti. Akaniambia niinuke, anayetaka kupigiwa magoti aende kanisani. Akauliza kama wewe unajua. Nikasema nitakupigia simu. Akakataa. "Kwenye simu utalia," alisema, "na dada yako atakusamehe ili unyamaze. Mwandikie. Asome akiwa peke yake, aamue mwenyewe." Kisha akanionyesha geti, akasema nisiende tena kwake mpaka atakaponiita. Sijui kama ataniita.

Mjomba nilimwambia Ijumaa, tukiwa kwenye boti, baada ya wageni kutoka. Alizima mashine. Tukawa tunaelea tu, kisha akasema miaka yote hii amekuwa akijilaumu kwamba siku ile hakupanda ngazi. Jana hakuja kazini, mara ya kwanza tangu nimjue. Upepo ulikuwa sita, safi kabisa, na wageni tisa wamekaa ufukweni na nguo zao za mpira, wananitazama. Hakuna tiara iliyopanda. Leo asubuhi nimemwona anajaza mafuta kwenye boti. Nilimwamkia, hakuitikia, lakini alikuwa anajaza.

Sasa nikwambie nilivyokata shauri, na hapa usinibembeleze wala usinigombeze, maana sitarudi nyuma.

Kesho Jumatatu nakwenda kwa polisi wa bandari kuibadilisha ile taarifa. Kwenye faili lao Minas ameandikwa kwamba aliingia baharini kinyume na onyo, na sitaki aendelee kuandikwa hivyo hata mwezi mmoja zaidi. Wakitaka kunishtaki wanishtaki. Wakitaka kuninyang'anya leseni, Mjomba anayo yake na vijana wawili wanayo yao, kazi haitasimama. Jumapili ijayo, baada ya misa, watu wakishakaa kwenye kahawa, nitawaambia wote, nikiwa nimesimama, kwa sauti. Mtoto wa Mama Sevasti alisemwa vibaya mbele ya watu, basi atasafishwa mbele ya watu.

Hati yako nakurudishia ndani ya bahasha hii. Sijaitia saini. Shamba la Alonaki bado ni lako. Zawadi ile ulimpa mtu ambaye hayupo, nami sitaipokea kwa niaba yake. Kama baada ya kusoma haya bado unataka kunipa, andika hati nyingine yenye tarehe mpya, na kile kikaratasi usikibane. Kama unataka kumuuzia mjenzi wa hoteli, mwanasheria ana namba yake. Sitakupigia tena simu kukuhubiria habari za upepo. Yote niliyokueleza kuhusu jengo na upepo ni kweli, lakini si haki nitumie woga wa watu kuumia kukushika mkono, mimi niliyenyamaza mtu akiwa anakwenda na maji. Nipe mpaka Krismasi tu, nitakuwa nimeng'oa dungu na kuhamisha vyombo vyote.

Na wewe ukiuza, usidhani nitaondoka. Nitasimama kule juu barabarani na darubini yangu. Watu wataingia tu majini, hoteli iwepo isiwepo, na mtu wa kuwatazama lazima awepo. Hilo halihitaji shamba wala saini ya mtu.

Sikuombi msamaha kwa barua hii, Dada. Si kwamba siutaki. Nautaka sana. Ila Mama Sevasti amesema kweli, ukiniambia haraka nitajua umeniambia ili mambo yaishe. Kaa nayo. Ukitaka kunitukana, nitukane, simu yangu nitaiwasha kesho jioni. Ukitaka kunyamaza mwaka mzima, mimi nitaendelea kukuandikia kila Jumapili habari za nyumba na paka, na huna lazima ya kujibu.

Shemeji Lefteris na watoto nawasalimu sana. Sijui utawaambia nini. Hilo nakuachia wewe. Mjomba angekusalimu kama angekuwa ananisemesha, na nina hakika angesema uvae sweta, kwa hiyo vaa sweta. Mungu akutunze wewe na wote walio chini ya paa lako.

Nakuomba uamini jambo moja katika yote niliyowahi kukwambia kuhusu siku ile. Minas hakuona bendera yoyote, na hakucheka. Alikuwa amekaa na ubao wake, mkono juu, anarudi kwako, na alikuwa na hakika kwamba namwona. Kama unataka kumvalia nyeusi, mvalie. Alistahili tangu siku ya kwanza.

Ni mimi mdogo wako,

Rigopula